Bwana Hanaraha

Nyumbani tulimwita Bwana Hanaraha.
Bibi Nyanjela alilitamka hivyo, akipepeta uwele
uani kwake, Kongwa,
nasi tukadhani ni jina la utani:
mzungu asiyecheka, fundi wa matrekta
enzi za mradi wa karanga,
jua limemchubua shingo mpaka ikawa na madoa ya kunguru.

Habari zake zilikuwa chache.
Kwamba aliitwa Mwingereza mara moja, akatupa spana.
Kwamba alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha injini.
Kwamba karanga ziliposhindwa na udongo ukawa saruji
alipanda lori, akaahidi kuandika,
na Bibi hakujua kusoma.
Cherehani? Hiyo Bibi alisema aliinunua mwenyewe,
kwa pesa ya pombe.
Nani angembishia?

Juzi mama alikwenda kuandikishwa kitambulisho,
miaka sabini na nne, kanga mpya.
Jina la baba? akaulizwa.
Akasema alilokuwa nalo.
Kijana wa kompyuta akacheka:
Hilo si jina, mama, hilo ni tatizo.

Ndipo nikaanza kutafuta.

Parokiani daftari la ubatizo lina rangi ya chai.
Matilda, binti wa Nyanjela.
Baba: mstari.
Mstari mnyoofu, uliopigwa kwa rula.
Nililitazama lile pengo muda mrefu
nikimfikiria aliyekwenda kutafuta rula.

Dodoma, kwenye nyaraka, dada mwenye glavu nyeupe
aliniletea maboksi mawili.
Spea. Mipira. Dizeli iliyoibwa.
Barua ya malalamiko juu ya nyama.
Siku ya tatu, orodha ya mafundi, karakana ya pili,
kidole changu kikashuka, kikasimama:
Hanrahan, S. Kwao: Clare, Ayalandi.
Nikasoma kwa sauti, dada akainua kichwa.
Hana. Raha. Ni.
N ya mwisho ilidondoka mdomoni mwa Bibi
na kwa miaka sabini
tulimhurumia mtu kwa sababu ya jina la ukoo wake.

Chini yake, kwa penseli:
cherehani moja, na namba yake,
shilingi mia tatu na kumi,
ikatwe mshahara, miezi kumi.
Nikahesabu kwenye vidole kama mtoto.
Mama alizaliwa mwezi wa sita wa makato.

Usiku ule niliipindua cherehani juu ya mkeka,
nikasugua tumbo lake kwa mafuta ya taa.
Sita, moja, tisa, nne,
na ya mwisho imeliwa na kutu.
Kitabuni ni nane.
Kwenye chuma yaweza kuwa nane. Yaweza kuwa tatu.
Nimeamua kuwa ni nane,
ila usiniapishe.

Nilimsimulia mama akipinda shuka la mteja.
Nikamwambia huko kwao, zamani, kabla ya babu yake,
viazi viliozea ardhini
na watu wakafa kando ya barabara, midomo kijani kwa majani,
waliosalia wakapanda meli.
Hakuuliza mwaka. Kwetu njaa hupewa majina, kama watoto.
Akauliza: Hiyo waliiitaje?
Sikujua.

Mguu wake ukaendelea kukanyaga.
Halafu: Na mvua?
Nasikia inanyesha karibu kila siku, nikasema.
Akakata uzi kwa meno.
Kila siku!
Akacheka mpaka miwani ikamtoka,
kile kicheko ambacho Bwana Hanaraha, wanasema, hakuwa nacho.
Kila siku, na bado akaja Kongwa.

Kisha akanituma nikatazame
kama pipani bado kuna maji.