Arabuni

Mama huwaambia majirani: yuko Arabuni.
Hulitamka kama mtu anayetupa jiwe kisimani
asilisikie likigota.

Mimi fundi cherehani, Ruwi, nyuma ya wauza dhahabu.
Duka la Bi Thuwaiba: mlango wa kioo, kiyoyozi kinachokohoa.
Kiswahili chake ni cha nyanya yake,
kimekunjwa sandukuni miaka sitini, hakina kunyanzi.
Siku ya kwanza alinifunza:
"Wakesho, mteja akichagua kitambaa, mwambie atoe arabuni.
Riyali tano, kumi, aliyonayo.
Ukishapokea, andika jina, bandika pini.
Hapo kitambaa si changu tena wala si chako,
hata aje waziri na gunia la fedha."

Niseme kweli: nimeokoka mara tatu.
Wundanyi, darasa la saba, mvua ikipiga turubai.
Voi, baada ya jambo ambalo sitaliandika.
Na hapa hapa, usiku, kitanda cha juu, chumba cha wanawake sita,
kwa sauti ya chini, nisimwamshe Mfilipino wa zamu ya alfajiri.
Kila mara niliandika tarehe daftarini.
Kila mara nikaikata kwa mstari,
kama kipimo cha kiuno kilichokosewa.

Nilijipima kwa utepe wa kazi.
Leo nimesali: sentimita mbili mbele.
Leo nimemlaani mdogo wangu aliyekula ada ya shule: nimerudi nyuma, sikuhesabu.
Julai, joto likigonga arobaini na nane,
moyo ulikauka kama wadi.
Nikasema, basi, Roho ameondoka.
Nani angebaki kwenye joto hili?

Iko abaya moja, henga ya mwisho kabisa.
Bluu ya usiku, shanga kwenye mikono.
Karatasi ya pini imegeuka njano: Ghaliya, riyali kumi, Rajabu.
Rajabu ya mwaka juzi.
Watatu wameitaka. Mmoja alipandisha bei hadi mimi nikatoka jasho.
Bi Thuwaiba hakuinua macho kutoka kwenye kahawa.
"Ina mwenyewe."
"Na asipokuja?"
"Arabuni yake imelala hapa, binti.
Mtu hasahau alipolaza pesa yake."
Akainuka, akaifuta vumbi mabegani,
taratibu, kama anayemfuta mtoto.

Ijumaa, Ghala. Ukumbi tunapokezana kwa saa:
Wamalayali wanatoka, sisi tunaingia, viti vingali vya moto.
Msomaji akafika kwenye lile neno.
Roho, alisoma, ni arabuni.
Watu wakacheka kidogo, kila mmoja amesikia anwani yake.
Mimi sikucheka.
Nilisikia pini ikipenya kitambaa.

Kumbe aliyetoa ni yeye.
Mimi sijatoa hata baisa moja.
Miaka yote nimejidhani mteja,
nikiifinya risiti kiganjani isije ikafutika,
na kumbe mimi ndiye nguo.
Nguo haijikumbushi jina la mwenyewe.
Nguo haishikilii pini.

Sijui kama huu ndio uhakika wa wale wahubiri wenye vipaza sauti.
Wangu hauna kelele.
Kitambulisho changu cha ukaazi kinaisha Novemba; hilo bado linaninyima usingizi.
Na ile hofu ya zamani hurudi saa nane usiku,
hupekua mifuko, huulizia tarehe.
Naiambia: sina. Muulize aliyelipa.
Kuna usiku haiondoki. Nalala nayo hivyo hivyo,
mimi na pini yangu.

Jana niliipiga pasi ile ya bluu.
Hakuna aliyeniagiza.

Kisha mama akapiga simu.
"Bado uko Arabuni?"
"Bado, mama."
Hajui kusoma; habari ya herufi kubwa na ndogo
hatukuigusa.