Mizani ya Pilipili

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kusimama
kati ya kapteni na watu wa Kelakamri,
Kifaransa nikigeuze Kikanuri,
Kikanuri nikigeuze Kifaransa,
na mate yangu mwenyewe niyameze.

Mwaka ule amri ilitoka mji mkuu:
pikipiki marufuku,
samaki marufuku,
pilipili marufuku kuvuka mto,
kwa kuwa adui hutoza kodi kila gunia.
Nikaisoma sokoni. Nilipofika kwenye pilipili
Ya Falmata alicheka, akidhani nimekosea tafsiri.

Sikukosea.
Ziliiva, zikaoza shambani kandokando ya Komadugu,
mwasho wake ukiwatoa machozi askari waliozilinda.
Vijana watatu wakavuka mto kwa miguu.
Hakuna aliyewanasa kwa aya wala kwa bendera.
Ng'ambo walipewa pikipiki.

"Dawa ya moto ni moto," kapteni alipenda kusema.
Nikatafsiri. Wazee wakauliza
majivu nayo ni dawa ya nini.
Hilo sikulirudisha kwake.

Sisemi bunduki haina kazi.
Usiku wa mwezi mwandamo walikuja na magari kumi na moja,
wakachoma zahanati, wakamchinja Kolo mwenye duka la chumvi,
na kama si Sajini Djibo juu ya paa la shule
akifyatua mpaka alfajiri, bega limemvimba kama andazi,
nisingekuwa na ulimi wa kukusimulia.
Asubuhi tukampelekea maziwa.
Mikono ilimtetemeka, akayamwaga yote.
Huyo simdhihaki. Huyo namwombea dua.

Lakini mtu halali juu ya paa miaka sita.
Na ile ndege iliyokuja mwezi uliofuata
iliwakuta wavuvi kisiwani wakianika nyavu,
ikawahesabu jeshi.
"Waambie tunasikitika," alisema kapteni.
Nikatafuta neno. Nililolipata
ni lile la mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu msikitini.
Wakanitazama mimi, si yeye.

Baada ya hapo akaanza kuniuliza mambo
yasiyofundishwa chuo cha kijeshi.
Gunia moja huuzwa pesa ngapi?
Kisima cha kaskazini ni cha nani hasa?
Hakimu aliyekimbia, kesi zake ziko wapi?
Akaandika barua nne. Ikajibiwa moja:
soko lifunguliwe, Alhamisi tu,
magunia yapimwe, yapigwe muhuri, Djibo akiwa mlangoni.

Akaja na hakimu, Bi Rekiya,
mashine ya kuandikia mapajani, miguu imemvimba kwa safari.
Tulidhani ataanza na magaidi.
Alianza na mbuzi wa Aisami,
aliyeibwa miaka mitatu nyuma. Watu wakacheka,
kisha wakapanga foleni hadi kwenye mnada wa ng'ombe.

Alhamisi ya tano, Bukar wa Ya Falmata,
mmoja wa wale watatu,
alitokea amebeba mkeka uliofungwa kamba.
Akaulaza juu ya mizani ya pilipili, akaufungua,
akarudi nyuma hatua mbili, viganja wazi.
Mpimaji, kwa mazoea tu, akataja kwa sauti:
"Kilo nne na robo."
Hakuna aliyecheka.

Ya Falmata hakumkimbilia mwanawe. Alimshika mwanamke
aliyekuwa ameinuka: Yagana, mjane wa Kolo.
"Na mume wangu," akauliza Yagana, "ana kilo ngapi?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kumeza kitu.
Kapteni akatazama viatu vyake.
Bi Rekiya akaingiza karatasi mpya kwenye mashine,
akamwomba Yagana ataje jina la marehemu,
polepole, herufi kwa herufi.
Djibo akainamisha mtutu. Hakuuweka chini.

Nyuma yetu magunia yalikuwa yakipakiwa,
na soko zima, mwuaji na mjane na askari,
lilikuwa likipiga chafya.