Shubiri

Asubuhi kabla ya chai
natoka kiwandani na kijiko cha zamani cha pilau
kufukua alichofukia.
Hufukia vizuri, siwezi kumnyima hilo.
Huchagua udongo niliopepeta jana,
pale pale miche ya mrehani ilipoanza kunyanyua shingo
chini ya mawaridi.

Mavi ya punda nayaokota mwenyewe mlangoni,
nayaanika, nayatwanga, nayaita samadi.
Haya ya paka nayalaani.
Na mkono ni ule ule.

Nilimuuliza ustadhi wa madrasa ya uchochoroni.
Paka si najisi, akasema, anywe hata ndooni mwako.
Na anachokiacha?
Akacheka ndani ya ndevu.
Basi uso nitauweka wapi,
mimi niliyeagizwa vikuba arubaini
vya harusi ya Swabra binti Famau, Ijumaa ijayo,
bibi harusi ainamishe shingo anuse
rehani, asumini, mkadi,
na kitu cha nne?

Nilianza na maganda ya ndimu. Yalikauka, akayalalia.
Machicha ya kahawa nikaomba kwa Bwana Kombo Lali;
siku tatu kiwanda kikanuka baraza,
siku ya nne akarudi, macho makavu kuliko kwanza.
Pilipili ilinipiga mimi.
Utomvu wa shubiri nikapaka kingo zote,
mchungu, hata mtoto huachishwa nao ziwa.
Lakini nani alisema paka amekuja kulamba?

Athmani, mtoto wa kaka yangu, akaleta jarife kuukuu.
"Litandaze, shangazi, rehani itatokeza matunduni."
Nikalitandaza.
Usiku ule walikuja paka wa Mkomani, wa Langoni,
pengine na wa Shela kwa miguu,
kunusa changu na tasi waliokufa mwaka juzi.

Kwa hasira nikatunga, nikabandika ukutani:

Ewe paka nakwambia, haya yako imekwenda,
Usiku waniingia, kuchakura nilopanda,
Pwani yakusubiria, mchanga tele watanda,
Nenda kajisaidie, huko, si penye rehani.

Vina vilikaa sawa.
Naye alikaa sawa, juu ya rehani.

Bi Zena Shekuwe, wa nyumba ya pili,
huzungumza nami kutoka dirisha la juu.
"Paka wa mui hawana mwenyewe," asema.
"Wenyewe ni wao. Sisi wapangaji."
Na huku avirusha vichwa vya samaki,
vyote upande wangu wa ukuta.

Kilichofaa ni ufagio uliokufa.
Nilikuwa nautupa. Nikakata kamba, chelewa zikamwagika,
nikazichomeka moja moja,
vidole viwili kati ya hii na hii,
tuta zima, tangu mlangoni hadi kisimani,
mpaka magoti yakaomba msamaha.
Akaja. Akainua mguu, akatafuta pa kuuweka,
akaurudisha alikoutoa.
Kisha akapanda ukutani akanitazama
kama mtu aliyekuta kufuli
kwenye nyumba aliyozaliwa.

Siku ya tatu ndipo nilipomwona vizuri:
jike, sikio limechanika, tumbo limeshuka.
Alikizunguka kisima, akikwaruza saruji,
akiinusa, akikwaruza tena.
Saruji haikumpa kitu.

Vikuba vimekwenda, arubaini,
na kimoja cha ziada nimekivaa mwenyewe
nikifagia kwa ufagio mpya.
Na nyuma ya mtungi, pasipoonekana na dirisha la juu,
nimeng'oa chelewa,
shubiri kwa shubiri, nimepima kwa mkono huu,
udongo nimeupepeta.
Bi Zena sijamwambia.
Kijiko kimeegemea ukuta hapo hapo.