Pumzi ya Kuazima

Ulikuja Shimanzi alasiri ya Jumatatu, Twaha,
turbo umeiviringisha kwenye kikoi kama mtoto mchanga,
na salamu hazijaisha ukaniuliza:
"Injini hii itabeba ngapi?"

Nikafungua boneti kwanza.
Gari la marehemu babako, lililosambaza boflo
Kibokoni, Kuze, mpaka Makadara,
makombo yangalimo kwenye mikunjo ya viti.
Silinda nne, injini ya kiwandani,
haijaguswa na mtu ila kwa kubadilishwa oili,
imezoea kuvuta pumzi yake taratibu
kama bibi apandaye ngazi na kapu la sokoni.

Turbo ni deni, nikakwambia.
Moshi ambao injini imeshautema
ndio unaozungusha feni,
na feni ndiyo inayoikaba injini hewa
hadi kifua kitanuke.
Inalishwa kwa kile ilichokitupa,
na riba yake ni joto.

Lakini wewe ulitaka namba.
Kuna mmoja Magongo, ukasema, anasukuma ba moja na nusu.
Sikubishi.
Hukuniambia tu amesukuma kwa siku ngapi,
wala hukuwapo Ijumaa ile alipoletwa hapa
akivutwa kwa kamba, domo limemshuka,
mkono wa pistoni umetoka ubavuni mwa bloku,
tundu la kupitisha ndizi.

Wiki tatu. Mimi, binti Shekuwe,
ninayesaga hedi tangu hujaota ndevu,
nikakutafutia kipoza hewa cha lori lililokufa Jomvu,
nikakata bomba la oili mara mbili
kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unanisemesha.
Noseli kubwa. Gasketi mpya.
Pistoni zilezile; pesa za pistoni hukuwa nazo.

Tukatoka baada ya swala ya alfajiri,
hewa ya Mombasa ikiwa bado na huruma.
Hapa saa sita mchana hewa yenyewe ni supu,
ukiishindilia injini supu itakohoa.
Nukta tatu: gari likaitika labeka.
Nukta nne: mlima wa Mazeras tukaupanda
na gia ya nne haikulalamika.
Nukta tano: ukamwita mamako kwa jina lake kamili.
"Kaza kidogo tena," ukaniomba,
nami, Mungu anisamehe, nikakaza.

Nukta sita.
Ndipo nikaisikia, chini ya kelele zako,
mtama ukimwagwa kwenye sinia.
Tititi. Tititi.
Toa mguu, Twaha.
Tititi.
Toa mguu!

Ulichelewa kwa muda wa kumeza mate.

Kando ya barabara, malori yakitupita na vumbi lake,
nikafungua plagi ya tatu kwa kitambaa, ikanichoma hata hivyo.
Nikakuonyesha kwenye kauri yake nyeupe
vidoa vya fedha, vidogo kuliko chumvi.
"Nini hicho?"
Pistoni yako, nikasema. Imeanza kuondoka.

Tukarudi bila redio.
Nikaishusha skrubu hadi nukta nne,
nikaitia rangi nyekundu ili nijue ikiguswa.
Ukaniona mwoga. Sawa.
Ukaniuliza tena, kwa sauti ndogo, ngapi basi,
na mpaka leo sina jibu lako:
kiwanda hakikuandika, na chuma hakitoi notisi.
Kuna tititi, halafu kuna kamba ya kukuvuta.
Kati ya hizo mbili kuna kumeza mate.

Jana nilikuwa Makupa nanunua bolti.
Nikasikia filimbi kabla sijaliona gari:
wewe, kreti za boflo nyuma, mvuke umetanda kwenye kioo,
mikate inafika kwa wenyewe ingali moto
kama babako hakuwahi kuifikisha.
Nikatega sikio.
Nne hiyo? Nne na nusu.
Umeikuna rangi yangu, mwanaharamu mdogo.
Njoo Jumatatu. Lete na ile plagi.