Kasha la Kumi na Moja

Bwana Petifa hakuniuliza ukoo.
Aliuliza kama kisu kinakata.
Miezi miwili, pale Entebe, nikachuna
fungo, pimbi, kulukulu wa kijani
ambaye wekundu wa bawa lake, ukilowa,
huhamia vidoleni.
Sabuni ya sumu ikanila kucha.
Pamba ndani ya fuvu, uzi, kibandiko:
jina la Kilatini, tarehe, dume.

Siku Lwanyaga alipoleta mbega watatu
nikaweka kisu chini.
Mimi ni Ngeye, nikasema. Huyu ni mimi.
Bwana akacheka, akaandika kitu daftarini.
Akachuna Lwanyaga, mtu wa ukoo wa Nyati,
nami nikaligeukia ziwa,
nikisikia tu ngozi ikiachana na nyama
kama mtu avuaye kanzu mbichi.

Ila kufunga makasha ilikuwa zamu yangu.
Nyasi zimekwisha, alisema, tafuta chochote.

Mama hakuuliza. Akainama kitandani mvunguni
akatoa lubugo jipya,
jekundu kama udongo wa Kyaggwe,
alilojiwekea mwenyewe.
Nikalikata mara tatu.
Nikawaviringisha, kichwa hadi mkia,
tufanyavyo kwa watu wetu.
Kisha misumari.

Wapagazi, Usukuma, pwani, meli.
Huko mwenye duka atafungua, atavaa miwani:
kitambaa kizuri hiki, kimezuia unyevu.
Atakitupa. Au atakipigia bei.

Nimebaki na rupia mbili.
Mama anakohoa, na mti wa mutuba nyuma ya nyumba
bado haujaota gamba.