Kipimo cha Maneno

Miaka sita tumekimbia pamoja, mimi na Steinvör,
kutoka kiwanda cha samaki hadi mwisho wa lami,
na kwa miaka yote hiyo sidhani tulisemezana
maneno ya kujaza kiganja.
Pumzi ilikuwa mali ya miguu.
Salamu yetu ilikuwa kufunga viatu,
kwaheri yetu kutazama saa.

Oktoba alisimama ghafla kwenye kona ya bandari,
mikono kiunoni, akasema, "Niko na mtu."
Nikageuka nyuma, nikidhani tunafuatwa.

Mkunga wetu ni Guðfinna.
Kwa lugha ya hapa mkunga huitwa mama wa nuru,
na katika mji ambao jua hujificha nyuma ya mlima
tangu mwisho wa Novemba, jina hilo si pambo.
Steinvör alikwenda kwake amejiandaa kukatazwa,
amebeba hoja kama mtu aendaye mahakamani.
Guðfinna akampima presha, akasikiliza tumbo,
akauliza hili na lile, kisha akasema:
"Nani kakwambia ukalale? Mwili wako umezoea mbio,
na sioni kibaya. Kimbia.
Ila uwe unaweza kuongea.
Sentensi nzima, yenye kichwa na mkia.
Ukianza kukata maneno vipande, punguza mwendo."

Asubuhi yake, giza kama masizi ya sufuria,
tulivaa viatu vyenye meno ya chuma,
barafu ikatafunika chini yetu,
tukaenda polepole hadi nikaona aibu,
na Steinvör, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu, akasema:
"Baba yangu alikuwa aking'ata kucha za miguu.
Za kwake mwenyewe. Mezani."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Wiki ya tatu, penye boti zilizopinduliwa:
"Unakumbuka mbio za mwaka juzi,
ulipouliza mbona nimesimama, nikakwambia ni jiwe kiatuni?
Halikuwa jiwe.
Nilikuwa na wiki tisa. Nilimaliza mbio, nikaenda nyumbani,
nikafua nguo zangu kwa maji baridi.
Nimeamini tangu siku ile kwamba nilimwangusha kwa miguu yangu.
Guðfinna anasema hapana. Anasema mbio hazikuhusika,
na mara nyingi hata daktari hajui sababu."
Alisema yote hayo bila kukatika pumzi.
Mimi, niliyekuwa bega kwa bega naye siku ile, nilinyamaza.

Desemba tukahamia bwawani.
Anaogelea kwenye maji ya uvuguvugu, mvuke juu, theluji kichwani,
na majirani walioloa shingoni katika birika la moto
wanamwita, "Njoo ukae, mama, upumzike!"
Yeye anapita. "Huyu hana mlango wa kutokea
joto likizidi," anawajibu.
Akijinyoosha halali chali tena; analala ubavu,
mto kati ya magoti, chupa ya maji karibu na mkono.

Siku moja sentensi ilikatika katikati.
Alikuwa akinieleza bei ya rangi ya ukuta,
akafika kwenye "nikamwambia fundi," akaishia hapo.
Gati lilikuwa linamzunguka, alisema baadaye.
Hakujifanya shujaa. Alikaa kwenye nguzo ya kufungia meli,
nikampigia Guðfinna, akaja na gari lake bovu.
Chuma kimepungua mwilini. Vidonge, mapumziko ya siku kumi.
Mwaka juzi angemaliza mbio.

Tarehe ishirini na tano Januari jua lilichungulia
kati ya milima, dakika chache, likaondoka
kama mgeni aliyerudia mwavuli wake tu.
Mji mzima ulikuwa ukila chapati za maji na kahawa.
Sasa tunatembea. Tumbo linatangulia,
na kwenye mteremko anashika kiwiko changu bila kuomba.
"Na wewe je?" akasema. "Miezi hii yote nasema mimi tu."

Nikafungua mdomo.
Njia ilikuwa tambarare, moyo umetulia,
mimi si mjamzito, sina sababu ya kuhema,
lakini neno la kwanza lilitoka nusu.

Steinvör akapunguza mwendo.