Ramani ya Baba

Nimeshuka stesheni kabla ya adhana,
treni imechelewa saa saba na hakuna aliyelalamika.
Vumbi limenitangulia kuingia mdomoni.
Mkononi nina bomba la plastiki, ndani yake karatasi ang'avu
aliyoichora baba mwaka wa sabini na sita,
alipoajiriwa kuuchora mji mkuu
mahali ambapo, alimwandikia mama,
"pana mbuzi, reli, na upepo usio na adabu."

Karatasi inasema: hapa bustani.
Hapa pana gereji, na jogoo juu ya injini ya Isuzu.
Karatasi inasema: barabara, upana mita arobaini.
Naifuata barabara hiyo katikati ya zabibu za mtu,
nikiomba radhi kwa kila shina.
Mwenye shamba, Sechelela Chilewa, ananiuliza
kama natoka serikalini. Nasema, natoka Korogwe.
Anacheka, ananikatia kichala.

Uhindini, vijana wa maji wamepasua lami.
Nachungulia mtaro kama achunguliaye kaburi la jirani:
lami, kokoto, lami nyingine, nyembamba, ya Mwingereza,
msumari wa reli wa Mjerumani, mnene kama kidole gumba,
kigae cha chungu, jivu
la msafara gani sijui, uliopika, ukanywa, ukajitwika tena;
kisha udongo mwekundu mtupu
ambamo, Wagogo husimulia, tembo alikuja kunywa akadidimia.
Idodomya.
Imezama.
"Na sisi tunazamisha bomba letu," anasema Ndahani, koleo begani.
"Mwanangu atalifukua, aulize: na hawa nao walikuwa akina nani?"

Jioni mabasi yanarudi kutoka Mtumba
yamejaa makarani wa wizara,
viatu vyao rangi moja na vya Ndahani.
Mji mkuu uliosubiriwa miaka hamsini
umepanga foleni ya chipsi.

Naikunjua karatasi mara ya mwisho juu ya daraja dogo.
Bustani hakuna. Barabara hakuna.
Uwanja wa gwaride, hakuna.
Ila korongo,
lile alilolichora kwa penseli, si kwa wino,
kama mtu asiye na hakika iwapo litaruhusiwa kubaki,
linakata kona palepale, chini ya miguu yangu,
kavu, lina ndala moja
na nyayo za mbuzi.